Miezi minne gari inatetemeka baada ya kushushwa. Mafundi wa Dodoma mnabadilisha vipuri tu, hakuna anayeuliza swali!

Wakuu, sijaja hapa kuambiwa "ungeiacha ilivyotoka kiwandani". Hilo nimeshaambiwa na mama, na mke, na konda mmoja wa daladala ya Nkuhungu ambaye hata simjui. Mwenye hilo tu la kusema apite, uzi ni mrefu na nina hasira.

Gari ni Toyota Allion ya 2004, injini ya cc 1800. Miezi minne iliyopita nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini (simtaji, ana watoto wanasoma) aishushe. Akatoa springi zote nne, akaweka fupi, akaniambia imeshuka sentimita 5. Siku hiyohiyo nikapitia kwa muuza rimu. Nikamwachia rimu zangu za 15 na tairi zake za 195/65, nikaongeza laki 4 na nusu, nikaondoka na rimu za 17 zenye tairi 205/45. Yule bwana alihesabu matundu ya nati, matano kwa matano, akasema: "Zinaingia hizo bosi." Lishikeni hilo neno "zinaingia".

Mjini raha tupu. Kutoka Kisasa hadi kazini kwangu na matuta yale, nani anafika hata 60? Gari imelala, watu wanageuza shingo, mimi nimeweka mkono dirishani.

Wiki ya pili tukapata safari ya Morogoro, sendofu ya shemeji. Tumevuka Ihumwa, barabara imefunguka, nagusa 85 na usukani unaanza kucheza mikononi. 95 unatikisika mpaka saa inagonga kwenye mfupa wa mkono. Nikifika 115 unapungua kidogo, nikishuka unarudi. Halafu kuna jambo la pili: nikikanyaga mafuta kwa nguvu kupita lori au kupanda mlima, bodi nzima inatetemeka kama mashine ya kusaga mahindi iliyolegea bolti. Nikiachia mafuta, kimya. Mke wangu akaniuliza kama tutafika. Nikamwambia ni barabara. Barabara yenyewe lami laini kama meza.

Mimi nilidhani huo ni ugonjwa mmoja. Mafundi wote niliowaendea walidhani ni ugonjwa mmoja. Hapo ndipo hela yangu ilipokwenda.

Nikarudi kwa fundi aliyeishusha. Jibu lake: "Gari ikilala lazima iwe ngumu kaka, utazoea." Jamani! Ugumu na mtetemo ni ndugu? Gari ngumu ukipiga shimo inakupiga mgongo, imeisha. Hii inatetemeka kwenye lami nyoofu isiyo na hata jiwe. Nikamlazimisha aijaribu. Akaingia, akazunguka mtaa wa gereji kwa spidi 40, akarudi: "Mbona iko poa?" Mtetemo unaanza 85, wewe unaupima kwa 40! Tangu siku hiyo nimegundua hakuna fundi hata mmoja aliyekubali kutoka na mimi mpaka barabara kuu. Wote wanazunguka jengo. Ni sawa na daktari kupima homa kwa kuangalia kivuli cha mgonjwa.

Basi nikaambiwa balansi (kusawazisha uzito wa tairi kwa kubandika vipande vya risasi kwenye rimu). Nikafanya. Hakuna kitu. Fundi tairi wa pili akasema mashine ya wa kwanza mbovu, akang'oa risasi zote akabandika zake. Hakuna kitu. Wa tatu akang'oa za wa pili, na nawaapia akazibandika palepale alipobandika wa kwanza. Mashine inasoma sifuri, sifuri, tairi safi kabisa. Gari inatetemeka vilevile. Halafu kuna mjuaji akanishauri niongeze upepo, nikawa na gari inayotetemeka na inayoruka.

Alaimenti nayo nikafanya, 35,000. Hiyo sina ugomvi nayo, ukishusha gari lazima tairi zipoteze mwelekeo na zangu zilikuwa zimeanza kulika upande wa ndani. Ila mtetemo palepale.

Ndipo akaja bingwa wa mauntingi. Huyu alifungua boneti, akatingisha injini kwa mkono, akasema mauntingi (mipira inayoshikilia injini) zote nne zimekufa. 280,000, za mtumba, na hela ya ufundi juu. Matokeo: gari ikisimama kwenye taa imetulia kidogo. Barabarani usukani uleule, kukanyaga kulekule. Nilipolalamika akasema sasa tubadilishe beringi za tairi za mbele. Nikamuuliza umesikia mvumo? Hajasikia. Umeinua tairi ukalitingisha? Hajainua. Ila tubadilishe. Nikachukua funguo zangu.

Sasa sikilizeni kilichonifumbua macho, maana hakikuwa gereji. Nilikuwa narudi Dodoma kutoka Gairo, tairi la mbele kushoto likapata pancha Kibaigwa, karibu na soko la mahindi. Nikapiga jeki mwenyewe, nikatoa ile rimu ya 17, nikachukua tairi la akiba, lile la kiwandani lenye rimu ya chuma ya 15. Nikaliweka kwenye habu (kile chuma cha gari ambacho rimu inafungwa). Wakuu, liliingia kwa kubana kama kifuniko cha sufuria. Likashika bila nati hata moja, likakaa katikati. Nikasimama pale na spana mkononi. Rimu ya 17 haikuwahi kukaa hivyo. Yenyewe inaning'inia kwenye bolti, unaichezesha juu chini mpaka nati ziibane.

Nikaendesha kuja Dodoma na tairi moja tofauti (najua si vizuri, msianze). Mtetemo wa usukani ulipungua karibu nusu. Kwa kubadilisha rimu MOJA.

Kesho yake nikampelekea rimu fundi wa kukereza vyuma, maana wao wana kipimo cha uhakika. Tundu la katikati la rimu: milimita 73.1. Kitovu cha habu ya Allion: 54.1. Tofauti ni milimita 19, yaani rimu inaelea na nafasi ya milimita 9 na nusu kila upande. Matundu ya nati yalikuwa matano kwa matano ndiyo, "zinaingia" ndiyo. Hata mguu wa mtoto unaingia kwenye buti la mwanajeshi.

Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini balansi tatu hazikusaidia. Mashine ya balansi inashika rimu kwa koni kwenye lile tundu la katikati, kwa hiyo pale inazunguka sawasawa na inasoma sifuri. Kwenye gari rimu haikai kwa tundu la katikati, inakaa kwa nati tu. Kijana anapiga nati na mashine ya upepo tairi likiwa hewani, moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, rimu inavutwa upande mmoja na inabaki hapo. Ikipotoka hata kidogo tu, kwa spidi 100 tairi hilo linazunguka mara 14 kwa sekunde, na kila mzunguko unavuta usukani. Mashine haikudanganya. Fundi ndiye hakujiuliza.

Nikaazima seti nzima ya tairi kwa mwenzangu wa kazini mwenye Premio ya umri uleule, habu ni moja. Jumamosi asubuhi nikatoka nayo barabara ya Bahi. 85 kimya. 100 kimya. Usukani ungeweza kuweka chai juu yake. Nikakanyaga mafuta... gggrrrrr, bodi ikatetemeka vilevile. Sasa nikacheka mwenyewe ndani ya gari. Magonjwa MAWILI. Moja linafuata spidi, ukanyage usikanyage lipo. La pili linafuata mguu wangu, nikiachia linaondoka. Swali moja tu, "inatetemeka ukikanyaga au hata ukiachia?", lingeniokolea laki 3 za mauntingi. Hakuna aliyeliuliza.

Hilo la pili nimelala chini ya gari mwenyewe kulitafuta. Mpira wa jointi ya ndani ya shafti (chuma kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi), upande wa kulia, umechanika na grisi imeruka hadi kwenye giaboksi, na vumbi letu la Dodoma limeingia kiasi chake. Ndani ya kikombe cha jointi ile kuna vigurudumu vitatu vinavyoteleza kwenye mifereji mitatu. Kwa miaka 20 vimekwenda na kurudi sehemu ileile na vimejichimbia njia. Ukishusha bodi sentimita 5, giaboksi inashuka na tairi linabaki lilipo. Shafti inabadilisha mlalo, vigurudumu vinahama njia yao na kupanda kwenye ukingo wa mfereji uliolika. Ukikanyaga, nguvu yote inapita hapo. Kwa hiyo jointi ilikuwa imeanza kuchoka hata kabla, nakubali, lakini kushusha ndiko kulikoianika. Fundi alikuwa chini ya gari siku nzima, shafti ipo usoni pake, mpira unavuja, hakusema neno.

Na zaidi: bolti za aramu za chini (mikono ya chuma inayounganisha tairi na bodi, maungio yake yana mipira iitwayo bushi) alizikaza gari ikiwa kwenye jeki, tairi zinaning'inia. Nilikuwepo, nilikuwa nakunywa soda, sikujua. Zile bushi zinatakiwa kukazwa gari ikiwa imesimama kwa uzito wake, la sivyo mpira unabaki umejinyonga kila siku. Bushi moja imeshaanza kupasuka. Mpya ilikuwa hiyo!

Nimemfuata jana. Nimemweleza kwa adabu, kaka yangu hivi na hivi. Kanijibu: "Si wewe mwenyewe uliyetaka gari ilale?" Muuza rimu naye anasema rimu zangu za zamani alishaziuza siku tatu baada ya mimi kuondoka.

Ninachotaka kwenu ni hivi. Kuna mtu Dodoma anauza ringi za kujazia habu, nje 73.1 ndani 54.1, za aluminiamu, nne? Nimezunguka Majengo na Sabasaba, wauza spea wananiangalia kama nimeomba kipande cha mwezi. Au niagize Kariakoo tu? La pili, nani anajua fundi anayefungua jointi ya ndani na kukuonyesha kikombe kabla ya kukuuzia shafti nzima? Nimetajiwa bei ya shafti ya mtumba, lakini shafti ya mtumba nayo ina mifereji yake iliyolika, sitaki kununua ugonjwa wa mwenzangu. Na kama ukiinyanyua gari sentimita 2 mtetemo unapungua, aliyewahi kujaribu aseme.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Naona mmeanza na "weka picha". Picha ya nini, mtetemo unaonekana kwenye picha?

NYONGEZA 2: Kuna jamaa kanielekeza nilegeze nati zote, nishushe tairi ligusane kidogo tu na ardhi, halafu nikaze kwa msalaba kidogo kidogo na kumalizia na spana ya kipimo, Nm 103. Nimejaribu na zile za 17 jioni hii. Usukani umetulia sana, bado kidogo tu kwenye 100. Asante mkuu, bila hata senti. Ringi bado nazitafuta, na yule wa "ongeza upepo" namsubiri hapa hapa chini.