Slaidi ya picha na kidole: touch events, pointer events au scroll-snap?

kodi_safi
Wakuu, nina slaidi ya picha sita yenye vitufe vya mbele na nyuma. Kwenye simu watu wanapitisha kidole, picha haisogei. Nimejaribu touchstart na touchend: napima kidole kimeenda umbali gani, kikizidi pikseli 50 nabadilisha picha. Inafanya kazi, ila mtu akishusha ukurasa na kidole kikaenda mshazari kidogo, picha nayo inaruka. Nirekebishe hapo hapo, nihamie pointer events, au nichukue Swiper (maktaba ya slaidi iliyo tayari)?

mzee_wa_css
Mkuu, kabla ya kuongeza JavaScript, jaribu scroll-snap, sifa ya CSS inayofanya picha itulie mahali pake unapopitisha. Kontena lipe overflow-x: auto na scroll-snap-type: x mandatory, kila picha scroll-snap-align: start. Basi. Kivinjari chenyewe ndicho kinachosogeza, kwa hiyo picha inafuata kidole tangu kinapoanza kwenda, na ukiachia inajikalia mahali pake. Kwa njia yako picha inakaa kimya mpaka kidole kiinuke, na mtumiaji anadhani imegoma. Vitufe vinabaki, viite scrollBy tu.

dirisha_dogo
Naunga mkono, ila kwenye kompyuta scroll-snap haikupi kuburuta kwa mausi. Mteja wangu alilitaka hilo, nikaenda na pointer events: kodi moja kwa kidole, mausi na kalamu. Weka touch-action: pan-y kwenye slaidi. Kupanda na kushuka unamwachia kivinjari, wewe unashika kulia na kushoto. Hiyo ndiyo dawa ya mshazari wako. Na tafadhali sikiliza pointercancel, tukio linalokuja kivinjari kikikukatiza mguso! Mimi niliisahau, picha zikawa zinaganda katikati, nusu ya hii nusu ya ile, nikahangaika siku mbili. Picha zenyewe zipe draggable="false", la sivyo mausi inaondoka na kivuli cha picha.

nyuzi_tatu
Swiper inafaa ukitaka mzunguko usio na mwisho au kukuza picha. Kwa picha sita ni mzigo. Hammer.js, maktaba ya ishara za vidole, iache: toleo 2.0.8 ni la 2016.

kodi_safi
Nimeweka scroll-snap, touchstart na touchend nimezifuta. Kuruka kumekwisha! Sasa vidoti vya chini vitajuaje picha ipi iko mbele?

mzee_wa_css
IntersectionObserver, inakuambia kipi kinaonekana: root iwe kontena lako, threshold 0.6, yaani asilimia 60 ya picha ionekane. Picha ikifika hapo, washa kidoti chake.