Naomba ushauri: mama anayumba akifumba macho

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 68. Mchana anatembea vizuri tu, ila taa zikizimwa anaanza kupapasa ukuta. Akinawa uso na kufumba macho, anayumba mpaka ashike sinki. Haoni vitu vikizunguka, wala masikio hayamvumi.

Ninavyoelewa, mwili hujua umesimamaje kwa macho, kwa sikio la ndani (lina mifereji 3 yenye majimaji inayohisi kichwa kikigeuka) na kwa hisia za nyayo na viungo. Kimoja kikilegea, vingine vinabeba mzigo. Sasa yeye ana kisukari cha muda mrefu, na anasema akikanyaga sakafu ni kama amevaa soksi nene. Ndiyo maana nashuku miguu kuliko sikio, ingawa kila anayekuja kumjulia hali anasema ni presha!

Waliopitia haya, tuanze kwa daktari wa masikio au wa mishipa ya fahamu? Na mazoezi ya kusimama mguu mmoja yanamfaa, au atavunjika nyonga bure? Dawa ya kizunguzungu aliyopewa inamletea usingizi tu.