Mrejesho: viza ya kozi ya kiangazi, sera za nje za Marekani

Wakuu, niliuliza kama viza ya matembezi inatosha kwa kozi ya kiangazi chuoni Marekani. Haitoshi. Kozi ikihesabiwa kuelekea shahada, hata kama ni ya wiki sita tu, omba F-1, yaani viza ya mwanafunzi.

Chuo kinakupa I-20 (fomu ya kuthibitisha umekubaliwa), unalipia SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, unajaza DS-160 (fomu ya mtandaoni ya kuomba viza), ndipo inafuata ada ya viza na usaili. Kinachokwamisha wengi ni jina: pasipoti inasema Mohamed, I-20 inasema Mohammed. Irudishe chuoni irekebishwe kabla hujalipa chochote. Na usitue huko zaidi ya siku 30 kabla ya masomo kuanza.

Kuhusu cha kusoma mapema kwa kozi hii ya sera za nje, anza na Sheria ya Mamlaka ya Vita ya 1973: rais akiingiza jeshi vitani, analiarifu Bunge ndani ya saa 48, na bila idhini ya Bunge kikomo cha jeshi kuwa vitani ni siku 60. Hapo darasa huwaka moto.