Naomba ushauri: tubaki katikati ya mji wa Kisumu au tuhamie mtaa wa Milimani?

Hamjambo wanajamii. Nasimamia ofisi ya uhasibu yenye wafanyakazi 12, Oginga Odinga Street. Mkataba wetu unakaribia kwisha na mwenye jengo amepandisha kodi. Ukiongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, tunabanwa.

Milimani tumepata nyumba ya bei nafuu, yenye maegesho na kivuli. Tutakachookoa tungekitumia kugawa vyumba, kuweka feni na kutenga chumba cha faragha, maana mteja hawezi kueleza madeni yake huku foleni nzima inamsikiliza. Kwangu mimi hilo ni muhimu kuliko anwani. Lakini wateja wetu wengi ni wafanyabiashara wanaoingia kwa miguu wakitoka soko la Jubilee. Nimewauliza baadhi yao, wamegawanyika. Wafanyakazi nao wanahofia nauli ya bodaboda.

Mwenye nyumba anataka mkataba wa miaka 5 na miezi 3, kwa hiyo kurudi nyuma haitakuwa rahisi.

Kwa waliowahi kuhama: wateja wa kuingia tu walipungua sana? Na ukigharamia kuta na nyaya katika nyumba ya mtu, unaombaje usamehewe kodi ya miezi ya kwanza?

Asanteni sana.