Mjadala: Serikali ipewe ufunguo wa meseji zetu?

Fundi simu, Kondele: Wateja huniachia simu za kubadilishwa kioo na namba ya siri kwenye kikaratasi, naibandika mgongoni kwa selotepu. Siku moja najaribu tachi, meseji ikateremka juu ya kioo: "Umemwambia mzee daktari amesema nini?" Nikageuza simu kifudifudi. Hakuna aliyekuwa akinitazama.

Ndiyo maana serikali zikitaka njia ya kusoma meseji zilizofungwa, nauliza huko nani atageuza simu. Tangu 2016 meseji za WhatsApp zinafungwa kwa msimbo toka simu hadi simu, kampuni yenyewe haioni kilichoandikwa. Mwaka 2025 Uingereza iliibana Apple mpaka ikaacha kuwapa wateja wapya wa huko kinga kali ya nakala za iCloud, ghala lake la mtandaoni. Hapa kwetu Kenya kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mawasiliano yetu, lakini Novemba 2024 Telegram, programu nyingine ya meseji, ilizimwa saa za mtihani wa KCSE wa kidato cha nne kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi napinga. Nyinyi je?

Mwalimu, Kakamega: Fundi, kuzima si kusoma, usituchanganye. Mimi ndiye nakaa na hao watahiniwa. Mtoto anamtumia mtu asiyemjua mia tano apate karatasi ya Kemia, na mara nyingi ni feki. Ulitaka tuwaangalie tu?

Fundi simu: Hapo umenishika, mwalimu. Ila aliyekuwa na VPN, programu ya kupita kizuizi cha mtandao, aliendelea kama kawaida. Aliyeumia ni mwenye biashara yake halali humo.

Afisa mstaafu, Milimani: Vijana mnaongea hamjawahi kukaa na mzazi ambaye binti yake ametongozwa na mtu mzima kwa simu. Amri ya mahakama unayo mkononi, na meseji hazifunguki. Mimi sitaki kusoma meseji za chama cha akiba cha mtu. Nataka mhalifu mmoja.

Mama wa chama, Nakuru: Pole kwa hayo, mzee. Lakini nilikuwa hapa Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Zile meseji za kuchochea zilikuwa SMS za kawaida, hazikufungwa hata kidogo. Zilisomeka. Tulichomewa nyumba vilevile.

Fundi simu: Na huyo mmoja, mzee, mchukulie simu yake kwa hiyo amri. Mtoto mwenyewe pia anazo meseji, awaonyeshe. Shida ni kufuli: hakuna la mhalifu na la mama mboga, ni moja. Marekani ina sheria ya 1994 inayolazimisha kampuni za simu kuwaachia polisi njia ya kusikiliza. Mwaka 2024 ikajulikana wadukuzi wanaohusishwa na China wameingia kwenye mitandao hiyo, mpaka kwenye mifumo ileile ya usikilizaji. Desemba maafisa wao wakaanza kuwashauri watu watumie meseji zilizofungwa!

Afisa mstaafu: Hilo la Marekani sikulijua. Bado yule binti hujanijibu vizuri. Kuna wanaofuta kila kitu kabla hatujafika.

Fundi simu: Kweli, wapo. Kwa hao sina dawa.

Mteja, Manyatta: Fundi, ile Tecno yangu ulikaa nayo siku mbili. Uliigeuza?

Fundi simu: Kioo kilichelewa kutoka Nairobi, mama.