Boti haikuondoka Dar, lakini tiketi yangu imeandikwa "abiria hakutokea". Warudishe pesa zetu!

Assalaam alaykum. Haya nimeyaweka moyoni muda, kwa sababu zile fujo za uchaguzi wa Oktoba 2025 kuna watu ziliwachukulia watoto wao, na mbele ya msiba kama ule mtu anaona haya kusimama kudai nauli. Lakini juzi ofisi ya boti wamenijibu, na jibu lao limenishinda kulimeza. Wameniandikia kwamba tiketi yangu hairudishiwi pesa kwa kuwa "abiria hakutokea bandarini".

Hakutokea! Alhamisi ya tarehe 30 Oktoba 2025, ni abiria gani aliyetokea bandarini Dar? Amri ya kutotoka nje ilitangazwa jioni ya siku ya kura, jeshi limo barabarani, boti zimefungwa kamba gatini. Nahodha hakutokea. Mkata tiketi hakutokea. Sasa katika wote hao, aliyekosa ni mie niliyekwama Muscat na masanduku yangu?

Mie ni mtu wa Wete, Pemba, kazi yangu iko Oman. Baba yetu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii wa mdogo wangu wa kike, yaani msimamizi wa kumwozesha, ni mie, kaka yake mkubwa. Nikaha, yaani kufunga ndoa, ilikuwa Ijumaa ya tarehe 31, baada ya alasiri. Na msinambie "mlijua ni wiki ya uchaguzi". Bwana harusi ni baharia, ruhusa yake inapangwa na meli. Yangu inapangwa na tajiri aliyeniajiri. Anayeishi kwa ruhusa za wenzake hachagui tarehe. Hilo swali waulizwe waliotuuzia. Tarehe ya kura waliijua kama sisi, na tiketi za wiki ile wakaziuza kwa bei kamili. Hawakutwambia neno.

Ndege ya moja kwa moja Unguja ilikuwa imejaa, nikakata ya Dar ili niunganishe boti. Nafika kaunta, binti ananambia safari ya Dar imefutwa. Nikamwambia basi nipeni ya Unguja, mie Dar napita tu, sina shughuli nako. Akatazama kompyuta yake, akasema ya siku ya pili nafasi imepatikana, lakini nilipe tofauti ya nauli. Hiyo tofauti ilikuwa inakaribia bei ya tiketi nzima! Mliofuta safari ni nyinyi, tofauti nilipe mie? Jibu: wasiliana na wakala wako.

Wakala aliyenikatia tiketi yuko Darajani, Unguja, na kazi zake zote ni WhatsApp. Na intaneti nchi nzima, Bara na visiwani, ilikuwa imezimwa tangu siku ya kura.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kipemba juu ya sanduku lake, amemaliza matibabu, viza yake inakaribia kwisha. Kila anayepita anampa karatasi ya tiketi amsomee, kwa matumaini pana namba ya simu ya kuuliza. Nikaisoma mpaka mwisho. Namba ilikuwepo, chini kabisa, ya ofisi ya Dar. Nikapiga. Haikupokelewa.

Hapa kwenye intaneti nataka nikae kidogo, maana wengi wanaona ni habari ya watu kukosa kuposti picha. Mitandao kubanwa wakati wa kura tuliiona 2020, na X ilikuwa imefungwa tangu Mei mwaka huo huo wa 2025. Tuliozoea haya tulitazamia pengine mtandao utakuwa wa taabu. Hatukutazamia nchi nzima kufungiwa mlango. Fujo zilikuwa Bara, kwetu visiwani kulikuwa shwari, na bado mama yangu Wete akakatiwa mawasiliano na mwanawe kwa jambo asilohusika nalo hata chembe.

Walii aliye mbali anamwakilisha shekhe kuozesha. Sisi wa Oman tumeshafanya hivyo mara ngapi? Unapiga simu ya video, shekhe anakuona, mashahidi wanakusikia, unatamka, mambo yamekwisha. Siku ile simu ya kawaida inaita, ami yangu anapokea, sauti inakuja vipande vipande kisha inakufa. Shekhe akasema haozeshi kwa sauti asiyoweza kuithibitisha, na alikuwa na haki. Watu walikaa msikitini mpaka magharibi. Pilau imeshaiva, biharusi ameshapakwa hina na piko mpaka viwikoni, na wanawake uani hakuna anayejua wale au wangoje.

Mwisho suala likapelekwa kwa Kadhi, na kwa kuwa walii yuko mbali na hapatikani, Kadhi akasimama mahali pangu. Ndoa imesihi, alhamdulillahi, na Kadhi sina neno naye. Lakini mdogo wangu ameozeshwa kama mtu asiye na ndugu, na mie kaka yake mzima wa afya niko Ruwi, Muscat, simu mkononi. Hilo hakuna wa kunirudishia. Ndiyo maana kile kinachorudishika sikisamehe.

Intaneti ilianza kurudi tarehe 3 Novemba, siku Rais alipoapishwa Dodoma. Hapo ndipo danadana zikaanza. Wakala anasema pesa ziko kwa shirika la ndege. Shirika linasema zimesharudishwa kwa wakala. Wakala anasema hazijaingia, subiri. Na wa boti ndio hao, "hakutokea". Wote wimbo wao mmoja: hali ilikuwa nje ya uwezo wetu. Sawa, kuondoka kulikuwa nje ya uwezo wenu. Kurudisha pesa ya safari ambayo hamkuifanya kumewashinda nini?

Na wasijifanye wamezaliwa jana. Mtu anayefanya biashara ya kuvusha watu baina ya Bara, Unguja na Pemba anaijua Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi visiwani. Anaijua 2015, uchaguzi wa Zanzibar ulipofutwa tukakaa roho juu mpaka marudio ya tarehe 20 Machi 2016. Kila miaka mitano abiria anashika moyo, na mpaka leo tiketi zao hazina hata mstari mmoja unaosema boti ikizuiwa kuondoka abiria atapata nini.

Barua nimeshaiandika, nakala moja kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na nyingine kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Ami yangu anashuka Unguja wiki ijayo, ataipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Yeyote mwenye tiketi ya siku zile ambazo boti zilisimama, aliyeandikiwa "hakutokea" au aliyeambiwa asubiri mpaka leo, anitumie picha ya tiketi na ya jibu alilopewa, afute namba ya pasipoti. Ya bibi yule ninayo tayari, nilimpigia picha palepale kiwanjani. Nataka barua iende na bahasha nene.