Nimeshikwa kwa spidi, Alhamisi naenda koti ya Malindi: nikiri ama nikane?

binti_shella

Salaam aleikum wanajamvi. Naomba mwenye kujua mambo ya trafiki anisaidie maana kila ninaemuuliza hapa mtaani ananipa jibu lake. Jumamosi jioni nilikuwa narudi Malindi kutoka Kilifi na mamangu na watoto wa dadangu, tukafika kwenye senta moja (sitaitaja jina, hapo tunapita kila siku) nikapungiwa mkono na trafiki, mmoja ana kile kimashine cha kupima spidi. Naambiwa mama ulikuwa 67 na hapa ni 50. Sasa wakati ule kulikuwa na Probox imenipita mkono wa kulia mbio, na hiyo Probox haikusimamishwa, ndio mie nikauliza mmepima mie ama mmepima yule? Nikaonyeshwa namba tu, 67, picha ya gari sikuiona.

Akazunguka dirisha la upande wa mamangu akasema kwa upole kabisa, "Mama, twende stesheni ama tuongee hapa?" Mamangu hakumuangalia hata, akasema sisi maongezi yetu tumeyamaliza, andika. Basi tukaenda, nikalipa keshi beli 5,000, nikapewa risiti na karatasi ya kufika koti ya Malindi Alhamisi saa tatu asubuhi.

Sasa shemeji yangu ananiambia nisiende, wachukue ile 5,000 na kesi imekwisha. Ni kweli? Na nikienda nikakubali, faini ni ngapi? Na nikikataa si nitapigwa tarehe mpaka nichoke, mie ni mwalimu siwezi kumuomba hedimasta ruhusa kila wiki. Halafu kuna mtu kanipigia jana anasema yuko hapo hapo kotini, nimtumie 4,000 kwa simu atanimalizia faili. Namba yangu kaipata wapi sijui.

mkimya_wa_barani

Shemeji yako anasema kweli, iache hiyo beli iende zake. Watu wote hufanya hivyo, kotini unapoteza siku nzima.

dereva_wa_njia_refu

Wewe mkimya ndio maana unaitwa mkimya, ungenyamaza. Dadangu NENDA. Beli si faini. Beli ni pesa ya kushikilia ahadi yako kwamba utafika, usipofika wanaichukua NA kesi inabaki pale pale na hakimu anaweza kutoa waranti ya kukushika. Inakaa hiyo waranti, hupigiwi simu, siku umesimamishwa kwa jambo jingine kabisa, labda unakwenda arusini Mambrui umejipaka hina, ndio unaambiwa kumbe wewe unatafutwa. Mie nimeendesha njia hii tangu kabla ya zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, nimeona watu wakilala ndani Ijumaa mpaka Jumatatu kwa kesi ndogo walioipuuza.

Na huyo wa 4,000 mblok leo. Hakuna mtu wa koti anaepiga simu kuomba pesa kwa namba yake. Pesa ya koti unalipa baada ya hakimu kusema, inakwenda kwa akaunti ya mahakama na unapewa risiti ya mahakama. Ukimtumia yule, Alhamisi jina lako litaitwa kama kawaida na 4,000 zimeenda.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Unafika mapema, kabla ya saa tatu, unauliza kesi za trafiki ziko chumba gani, unakaa. Simu unazima. Majina yanaitwa mengi, wengine ni wa bodaboda, wengine wamebeba kupita kiasi, usishtuke ukiona foleni. Likiitwa lako unasimama pale mbele, karani anakuuliza unataka lugha gani, mwambie Kiswahili kama ndicho unachokifahamu vizuri zaidi, si aibu hata kama unafundisha Kiingereza, maana yale maneno ya sheria ukisomewa haraka haraka yanapita juu ya kichwa. Anakusomea shtaka kisha anakuuliza ni kweli ama si kweli. Basi, hapo ndio kesi yako yote iko. Ukisema "ni kweli lakini kulikuwa na Probox" hakimu atakusimamisha, maana hiyo si kweli tena, hiyo ni si kweli. Amua ukiwa nyumbani.

sheria_kidogo_mld

Mzee amesema vizuri, naongeza upande wa pesa maana ndio kila mtu anachouliza.

Kuna kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016, zimepanga faini za spidi kwa madaraja. Ukipita kiwango kwa kilomita 1 mpaka 5 ni onyo tu, 6 mpaka 10 ni shilingi 500, 11 mpaka 15 ni 3,000, 16 mpaka 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo hakuna faini ya kupangwa, unakwenda kwa Traffic Act yenyewe, sheria kuu ya trafiki, ambayo inaruhusu mpaka 100,000. Wewe wanasema 67 kwenye 50, yaani 17 zaidi, kwa hio uko daraja la 10,000. Ona vile kilomita 2 zinabadilisha mambo, ungekuwa 65 ni 3,000. Kwa hio cha kwanza kabisa kabla ya kusema ni kweli, sikiliza namba watakayokusomea na kifungu walichokushtaki nacho. Kama hukusikia omba usomewe tena, hakuna wa kukukasirikia.

Na hio 50 asikwambie mtu kwamba wamekuonea kwa sababu hukuona kibao. Sheria ni 50 ndani ya senta ya biashara, mji, manispaa. Barabara ya Mombasa Malindi inapita katikati ya senta nyingi, lami ni ile ile, watu wanasahau mguu. (Na wenye matatu na magari makubwa hata nje ya senta mwisho wao ni 80, wasijifananishe na gari dogo.)

Beli yako ya 5,000: hakimu akikupiga faini, muombe pale pale beli igeuzwe iwe sehemu ya faini, wewe uongeze iliobaki. Risiti ile ya stesheni iwe mkononi, orijino, si picha ya simu. Jina lililoandikwa ndio mwenye pesa, kama aliyelipa ni mamako muende nae.

Sasa kukana. Ukisema si kweli, hakimu anakupa tarehe nyingine na beli yako inaendelea. Una haki kwa katiba, kipengee cha 50, kupewa mapema ushahidi watakaoutumia, kwa hio unaomba taarifa za mashahidi, picha kama ipo, na cheti cha kuonyesha kile kimashine kimekaguliwa. Na Traffic Act inasema mtu hatiwi hatiani kwa spidi kwa maoni ya shahidi mmoja peke yake, yaani askari akija kusema "mie nilimuona anaenda mbio" haitoshi. Lakini usidanganyike na hapo, wao hawaji na maoni, wanakuja na mashine. Kesi yako itasimama ama kuanguka kwa swali moja, ile 67 ni ya gari lako ama ya Probox. Kama kimashine chao kinapiga picha na kwenye picha iko namba yako peke yake, umekwisha. Kama hakuna picha na walikuwa wamesimama mahali magari mawili yalikuwa sambamba, hapo una la kuongea.

Je ulikuwa unasoma ngapi kwenye dashibodi?

mwana_wa_mkomani

Nyinyi wa Malindi mnadeka. Huku kwetu Lamu ukishikwa huko bara, njia ya Witu au Hindi, na ukapewa tarehe ya koti ya Lamu, gari unaliacha Mokowe, unapanda boti, ndio uvuke kisiwani ukajibu kesi ya gari mahali ambapo magari ni ya kuhesabu, njia nzima unapisha punda na mikokoteni. Binamu yangu alikwenda, maji yalikuwa yamejaa upepo, kafika suruali imerowa mpaka magotini, akasimama mbele ya hakimu vile vile. Alisema ni kweli, akaulizwa una lolote la kusema, akasema mheshimiwa nimejuta tangu Mokowe. Watu walicheka kotini mpaka askari akasema kimya.

Tangu lami ya Garsen ifike kila mtu amekuwa rubani, zamani lile vumbi lilikuwa linatuzuia lenyewe.

binti_shella

Hahaa huyo binamu nampenda. Ahsanteni sana, Mola awalipe. @sheria_kidogo kusema ukweli dashibodi sikuiangalia wakati ule, nilikuwa naiangalia ile Probox isinigonge kioo. Sasa nimesoma mara nyingi yale ulioandika na nimebaki njia panda, maana nikikubali ni 10,000, nikikataa ni nauli na ruhusa na kusubiri. Mamangu yeye anasema nikatae, anataka aje kuwa shahidi, amejiandaa kabisa.

dereva_wa_njia_refu

Hebu nikwambie vile naona mie. Kama unaamini haikuwa wewe, sema si kweli, usimkubalie mtu kosa kwa sababu ya uvivu wa safari, maana ukikubali huwezi tena kurudi kukata rufaa kwamba hukufanya, utaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, na siku zako ni 14. Lakini kama ndani ya moyo unajua mguu ulikuwa mzito pale senta, Probox ama hakuna Probox, kubali mapema, useme kwa adabu ni mara yako ya kwanza, ulikuwa na mgonjwa au watoto (kama ni kweli, usitunge), na uombe uhurumiwe. Mwenye mashtaka ataulizwa kama una rekodi za nyuma, akisema hana, hio nayo inahesabika. Hakimu anasikiliza watu tangu asubuhi wakimwambia break zilikataa, mtu akija na maneno mafupi anapumzika.

Mama ni shahidi mzuri lakini siku ya kwanza hatasikizwa, siku ya kwanza ni kusomewa tu. Aje akae nyuma.

sheria_kidogo_mld

Na kuna jambo ambalo watu hawaambiwi wanalikuta pale. Ukishapigwa faini hutoki mlangoni ukaenda kutafuta pesa. Askari wa koti anakuweka pembeni, mara nyingi selo ya koti, mpaka risiti ije. Simu yako imezimwa, pesa ziko kwa simu yako, mtu wako yuko nje hajui kama umeitwa. Kwa hio mamako au yeyote awe ndani ya chumba kile kile, awe na pesa kwa simu yake mwenyewe na ajue pa kupata namba ya malipo ya mahakama, kaunta pale pale atapewa. Alipe, alete risiti, unatoka. Nimeona mtu ana faini ndogo tu kakaa ndani mpaka alasiri kwa sababu mkewe alikuwa amekwenda kununua mahamri.

mkimya_wa_barani

Haya nimenyamaza. Lakini swali la kweli, hizo 10,000 zikiwa hazipo siku hiyo?

sheria_kidogo_mld

Unamuomba hakimu muda wa kulipa kabla hajaita jina jingine, unasema kiasi ulichonacho leo. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, ni yeye. Asipokubali kuna kifungo mbadala kimeandikwa kwenye hukumu, ndio maana namwambia dada aende na pesa kamili za ile tofauti, 5,000, hata kama ana nia ya kukana. Mtu hubadilisha mawazo akishasimama pale.

binti_shella

Nimeamua nitasema si kweli na nitaomba ile picha, ikiwa ipo na ni mie nitakubali tarehe ya pili. Hedimasta kashanipa ruhusa ya Alhamisi, kasema nimletee habari maana na yeye ana karatasi yake ya mwezi ujao. Je niende na gari?

dereva_wa_njia_refu

Chukua tuktuk.